Somo la 9: Mto, Jirani, na Mtoto

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 2:8–15; Zaburi 104:10–18; Hosea 4:1–3; Ezekieli 34:17–19; Yoshua 4:1–7, 20–24; Matendo 16:13–15; Ezekieli 47:1–12.

Fungu la Kukariri: Ezekieli 47:9. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na familia yako juma hili.

Mwezi Desemba 2004, Wangari Maathai wa Kenya alisimama mjini Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, akiwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Harakati aliyoianzisha mwaka 1977, inayojulikana kama Green Belt Movement, ilikuwa imekwisha kupanda miti zaidi ya milioni 30. Alipokaribia kuhitimisha hotuba yake, alirudi kwenye kijito cha utoto wake huko Nyeri. Alikuwa akitumwa na mama yake kuteka maji, na aliyanywa palepale mtoni. Akicheza kati ya majani ya nduma, aliona nyuzi za mayai ya chura akadhani ni shanga. Kila alipojaribu kuziokota, zilikatika. Baadaye aliona viluwiluwi weusi wakihangaika huku na huku katika maji maangavu.

Miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita, na kijito kile kilikuwa kimekauka. Akina mama walikwenda mbali kutafuta maji, na watoto wao hawakujua kamwe kile walichokipoteza. Kazi iliyobaki, alisema, ni kuwarudishia viluwiluwi makao yao.

Waadventista wa Sabato hubeba ujumbe unaowaita watu wote kumsujudu Yeye aliyezifanya mbingu na nchi, na bahari, na chemchemi za maji (Ufunuo 14:7). Chemchemi zimetajwa kwa jina katika ujumbe huo. Basi ni swali la haki kuuliza: mtoto anayefundishwa kanisani kwamba Mungu aliziumba chemchemi, atasadiki nini anapoona kwamba wazazi wake wanaiacha ile iliyo karibu na nyumbani ife? Juma hili tutajifunza jinsi imani katika Muumba, upendo kwa jirani, na malezi ya watoto vinavyokutana kando ya mto.

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Mto Utokao Edeni

Soma Mwanzo 2:8–15. Ni mambo gani Mungu aliyaweka tayari kabla ya kumpa mwanadamu kazi? Mto una nafasi gani katika habari hii?

Musa hakuutaja mto kwa kupita tu. Anaeleza kwamba ulitoka Edeni, ukainywesha bustani, kisha ukagawanyika kuwa vichwa vinne. Anavitaja kwa majina: Pishoni, Gihoni, Hidekeli, na Frati. Maji yaliyoinywesha bustani hayakuishia bustanini. Yaliendelea hadi nchi nyingine ambazo Adamu hakuwa amezifikia. Tangu mwanzo, baraka ya maji ilipita kwa mtu mmoja ili imfikie mwingine.

Ndipo katika fungu la 15 mwanadamu anapewa kazi mbili: kuilima bustani na kuitunza. Kazi hizi zilitolewa kabla ya dhambi kuingia. Kutunza nchi si adhabu iliyokuja baada ya anguko, wala si shughuli ya wataalamu peke yao. Ni sehemu ya maisha ambayo Mungu aliyaita mema.

Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kuwa “kutunza” ni *shamar*. Neno hilohilo linatumika katika baraka ya makuhani, pale Bwana anapoombwa awalinde watu wake (Hesabu 6:24). Linatumika pia Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake (Mwanzo 4:9). Na ndilo linalotumika katika Kumbukumbu la Torati 5:12, Israeli wanapoagizwa kuishika siku ya Sabato. Kwa hiyo jinsi Mungu anavyotulinda, jinsi tunavyopaswa kumlinda ndugu, jinsi tunavyoishika Sabato, na jinsi Adamu alivyopaswa kuitunza bustani, vyote vinaelezwa kwa neno moja.

Waadventista wanajua vizuri maana ya kuishika Sabato. Hujiandaa mapema, huweka mipaka, na kuna mambo wanayoyaacha hata kama yana faida ya fedha, kwa sababu siku ile ni ya Bwana. Ni vema kujiuliza kama Adamu alipaswa kuutendea mto na bustani kwa moyo wa namna hiyo hiyo: kuvitumia kwa furaha, na wakati huohuo kukumbuka kwamba vina Mwenyewe.

Tafakari: Ikiwa nchi ni mali ya Bwana (Zaburi 24:1), kuna tofauti gani kati ya kuwa mwenye shamba na kuwa mtunzaji wa shamba? Tofauti hiyo inaonekanaje katika sehemu ya shamba lako iliyo karibu na maji?

JUMATATU

Meza ya Muumba Kando ya Maji

Soma Zaburi 104:10–18. Orodhesha viumbe vyote vinavyotajwa. Kila kimoja kinapokea nini, na kutoka kwa nani?

Mtunga zaburi anaanza na chemchemi zinazopita mabondeni. Kutoka hapo anataja punda mwitu, ndege wanaokaa matawini, ng’ombe, mtu na chakula chake, mierezi, korongo, mbuzi wa milimani, na wibari. Mwanadamu anatajwa katikati ya orodha, si peke yake. Meza ni moja, na wageni ni wengi.

Mtu akiutazama ukingo wa mto wenye afya, ataona jinsi meza hiyo ilivyoandaliwa. Mizizi ya mikuyu, matete, na nyasi hushika udongo ili mvua isiuingize mtoni. Kivuli cha miti hupoza maji, na maji ya baridi hushika hewa nyingi zaidi kuliko maji ya moto. Hewa hiyo ndiyo samaki na wadudu wa majini wanayoivuta. Majani yaangukayo huliwa na wadudu wadogo, wadudu huliwa na samaki na vyura, nao huliwa na ndege kama mdiria.

Ukingo ukifyekwa na kulimwa hadi majini, mambo hugeuka. Mvua ya kwanza hubeba udongo. Maji huwa mekundu na tope hujaa chini. Perege dume huchimba kiota chake kwenye sakafu ya maji yasiyo na kina, na jike hubeba mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe. Pale tope linapofunika sakafu, viota navyo hufunikwa. Chura naye huvuta hewa kwa ngozi yake pamoja na mapafu, kwa hiyo sumu inayonyunyiziwa mboga humwingia upesi. Vyura wanaponyamaza katika kijito kilichozoea kelele zao, ni ishara ya kuangaliwa.

Wangari Maathai alisimulia pia habari za mti mkubwa wa mugumo, wa jamii ya mkuyu, uliokuwa karibu na kijito cha utoto wake. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake. Alipokuwa mkubwa alifahamu kwamba mizizi ya miti ya namna hiyo huingia chini sana na kusaidia maji ya ardhini kupata njia ya kutokea juu. Aliporudi nyumbani baada ya miaka mingi, mugumo ulikuwa umekatwa, na kijito kilikuwa hakipo.

Soma Ayubu 12:7–10. Ayubu anasema tukaulize akina nani ili tupate kujifunza? Mto ulio karibu nawe ungekuwa na ushuhuda gani leo?

JUMANNE

Maji Yaliyokanyagwa

Soma Ezekieli 34:17–19. Kosa la kondoo hawa ni nini? Ni nani anayeumia kwa kosa hilo?

Katika sura hii Bwana anawakemea kwanza wachungaji wabaya. Kisha, kuanzia fungu la 17, anawageukia kondoo wenyewe. Baadhi yao wamekula malisho mazuri, na mabaki wameyakanyaga. Wamekunywa maji safi, kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu. Kondoo waliokuja nyuma walilazimika kunywa tope hilo.

Angalia kwamba Mungu hawalaumu kwa kunywa. Maji yaliwekwa ili yanywewe. Anawalaumu kwa kutomfikiria yule anayekuja baada yao. Hii ni dhambi ambayo mtu anaweza kuitenda bila hasira, bila kusema uongo, na bila kuonana kamwe na aliyemdhuru.

Mto Ruaha Mkuu nchini Tanzania unatoa mfano wa wazi. Maji yake hushuka kutoka milimani, hupita katika uwanda wa Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kuendelea hadi bwawa la Mtera, ambako huzalisha umeme. Zamani mto huo ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na viboko hubanana katika madimbwi machache yanayobaki. Walio juu ya mto walikuwa wakitafuta riziki: mashamba ya mpunga yalihitaji maji, na mifugo ilihitaji malisho. Hakuna aliyekusudia kuukausha mto. Lakini kila mmoja alichukua sehemu yake, na walio chini wakakosa.

Soma Hosea 4:1–3. Nabii anaunganishaje mwenendo wa watu na hali ya nchi, ndege, na samaki?

Hosea anaanza na kukosekana kwa kweli, fadhili, na kumjua Mungu. Anaishia na nchi inayoomboleza na samaki wanaotoweka. Kwake, uharibifu wa nchi ni matokeo ya moyo uliomwacha Mungu. Kwa hiyo uponyaji wake nao hauwezi kuwa kazi ya mikono pekee. Unaanzia katika toba.

Mwanasheria alimuuliza Yesu jirani yake ni nani (Luka 10:29). Katika mfano wa Msamaria Mwema, jirani alikuwa mtu aliyekutwa njiani. Mto unaongeza jibu jingine: jirani ni yule anayechota maji chini yako, hata kama hujawahi kuuona uso wake.

Tafakari: Taka za nyumbani kwako, maji ya kufulia, na dawa za shambani vinaishia wapi mvua inaponyesha? Ni nani anayeishi huko?

JUMATANO

Mtoto Anapouliza

Soma Yoshua 4:1–7, 20–24. Kwa nini Mungu aliagiza mawe yatolewe katikati ya mto? Nani aliyetarajiwa kuuliza swali, na nani wa kulijibu?

Mungu angeweza kuagiza habari ya kuvuka Yordani iandikwe tu katika kitabu. Badala yake aliagiza mawe kumi na mawili yabebwe kutoka mtoni na kusimamishwa Gilgali. Alijua kwamba siku moja mtoto angepita pale, angeyagusa, na angemuuliza baba yake maana yake. Somo lilianza na kitu ambacho mtoto anaweza kukiona na kukishika. Neno la mzazi lilifuata baadaye.

Kumbukumbu la Torati 6:6–7 inafuata njia hiyohiyo. Wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto wakiwa wameketi nyumbani na wakiwa wanatembea njiani. Yesu naye aliwaelekeza wasikilizaji wake watazame ndege wa angani na maua ya kondeni (Mathayo 6:26–29). Wote waliomsikia walikuwa wamekwisha kuwaona ndege wale. Ndiyo sababu mfano wake ulikaa moyoni.

Leo kuna mtoto anayeweza kuimba juu ya Mungu aliyeumba samaki, lakini hajawahi kumwona samaki mahali pengine isipokuwa sokoni. Mtoto wa namna hiyo hana kosa. Hakuna aliyempeleka mtoni, au mto wenyewe umekuwa dampo na amekatazwa kuukaribia.

Mwaka 1991, wanafunzi kumi na wawili wa sekondari jijini Dar es Salaam walikutana nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe. Walikuwa na wasiwasi juu ya mambo waliyoyaona yakiharibika katika maeneo yao. Kutokana na mkutano huo kilizaliwa chama cha vijana kiitwacho Roots & Shoots, ambacho kimeenea katika nchi nyingi. Kila kikundi huchagua kazi za kusaidia watu, wanyama, na mazingira, na vijana wenyewe ndio huamua tatizo la kushughulikia. Waliona kwamba mtoto hulinda kile alichokifahamu na kukishughulikia kwa mikono yake.

Kanisa halihitaji kutafuta mbali. Watafuta Njia wana masomo ya ndege, miti, wadudu, na nyota. Shule ya Sabato ya watoto ina visa vya Biblia vilivyojaa mito na visima. Kinachohitajika mara nyingi ni mtu mzima mmoja aliye tayari kutembea nao hadi ukingoni, kuinama nao juu ya maji, kugeuza jiwe na kuona vilulu vya kereng’ende vilivyojificha chini yake, kisha kulirudisha jiwe mahali pake. Kitendo hicho cha mwisho nacho ni somo.

Tafakari: Ni nani aliyekuonyesha uumbaji wa Mungu ulipokuwa mtoto? Ni mtoto gani anayekutegemea wewe kwa jambo hilo sasa?

ALHAMISI

Kanisa Kando ya Mto

Soma Matendo 16:13–15 na Yohana 3:23. Mito na maji vilikuwa na nafasi gani katika ibada na utume wa siku zile?

Siku ya Sabato, Paulo na wenzake walitoka nje ya lango la Filipi wakaenda kando ya mto, mahali watu walipozoea kuomba. Hapo Bwana aliufungua moyo wa Lidia, naye akabatizwa pamoja na nyumba yake. Yohana Mbatizaji alichagua Ainoni kwa sababu maji yalikuwa mengi. Ubatizo wa kuzamishwa unahitaji maji ya kutosha kuzamisha mtu. Washiriki wengi wa Afrika Mashariki walizikwa na kufufuka pamoja na Kristo katika mto. Ni jambo la kusikitisha kanisa linapolazimika kuacha mahali lilipobatizia wazee wake kwa sababu maji yamepungua hadi magotini, au yananuka.

Je, kanisa la mahali linaweza kufanya nini? Uzoefu wa vikundi vingi unaonyesha mambo machache yaliyo rahisi.

*Kuacha kabla ya kupanda.* Ukingo usipolimwa wala kuchungiwa, nyasi na matete mara nyingi hurudi yenyewe. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

*Kupanda miti ya mahali hapo.* Mbegu zichukuliwe kwenye miti iliyosalia kandokando ya mto uleule. Mikaratusi hunywa maji mengi, haifai karibu na chemchemi. Miche ipandwe mvua zinapoanza.

*Kuhesabu inayoishi.* Akina mama wa Green Belt Movement walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliostawi. Picha ya siku ya kupanda haitoshi. Watoto waliopanda wapewe kila mmoja mti wake wa kuutembelea, na hesabu ifanyike tena baada ya mwaka mmoja.

*Kuwakumbuka maskini.* Hapa pana ugumu wa kweli. Bustani ya mchicha iliyo ukingoni inaweza kuwa ndiyo karo ya shule ya mtoto wa mshiriki mwenzetu, pengine mjane. Kumwambia aondoke kwa sababu ya sheria na kumwacha na njaa si kuitunza bustani ya Mungu. Yakobo 2:15–16 inakemea maneno mazuri yasiyo na msaada. Kanisa likae naye, limsaidie kupata sehemu nyingine ya kulima, mizinga ya nyuki, au miti ya matunda upande wa juu. Mabadiliko yafanyike hatua kwa hatua, mkono wake ukiwa ndani ya kazi hiyo.

Kazi ya kuchimba mashimo na kuokota taka ina siku zake sita. Sabato alasiri ni wakati wa kutembea na watoto kando ya mto, kutazama, kusikiliza, na kumsifu Muumba. Jumapili majembe yataingia mikononi mwa watu wanaojua wanafanya kazi hiyo kwa ajili ya nani.

Tafakari: Kati ya mambo haya manne, ni lipi kanisa lako linaweza kulianza kabla ya mwisho wa robo hii?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake *Elimu*, kilichotolewa mwaka 1903, Ellen G. White anaeleza kwa kirefu jinsi uumbaji unavyomfundisha mtoto juu ya Mungu, na jinsi Yesu mwenyewe alivyofundisha kwa kutumia vitu vya asili. Anawahimiza wazazi na walimu wawapeleke watoto nje, mahali wanapoweza kuona kazi ya Mungu kwa macho yao. Soma sehemu za kitabu hicho zinazohusu Mungu na uumbaji, na mafundisho kutoka katika viumbe vya asili.

Huenda mtu akauliza katika darasa: ikiwa nchi hii itateketezwa kwa moto (2 Petro 3:10–13), kwa nini tujisumbue kuusafisha mto? Swali hili linastahili jibu. Mwili wa mwanadamu nao utarudi mavumbini, na siku ya ufufuo utafanywa mpya. Hata hivyo Waadventista hawaachi kuuguza wagonjwa, kujenga zahanati, na kufundisha ujumbe wa afya. Hakuna anayekataa kumwosha mgonjwa kwa sababu atafufuliwa. Tumaini la ufufuo ndilo linalowafanya wauheshimu mwili. Vivyo hivyo, tumaini la nchi mpya huwafanya waitendee nchi hii kama kitu ambacho Mungu hajakitupa. Ufunuo 11:18 inasema kwamba hukumu itawahusu pia waiharibuo nchi.

Ezekieli alipewa njozi ya mto uliotoka chini ya kizingiti cha hekalu (Ezekieli 47:1–12). Ulianza kwa kina cha kufika vifundoni, kisha magotini, kisha kiunoni, hadi ukawa mto usioweza kuvukwa kwa miguu. Ulipofika kwenye bahari ya chumvi, maji yake yaliponywa. Samaki wakawa wengi, wavuvi wakatandaza nyavu zao, na miti ya matunda ikaota pande zote mbili. Yohana aliuona mto wa namna hiyo ukitoka katika kiti cha enzi cha Mungu na cha Mwana-Kondoo (Ufunuo 22:1–2). Biblia inaanza na mto ukipita kati ya miti, na inaishia na mto ukipita kati ya miti.

Mti mmoja uliopandwa ukingoni na mtoto wa Shule ya Sabato hauleti ufalme wa Mungu. Kristo mwenyewe ndiye atakayeuleta. Lakini mtoto anayeumwagilia mti huo kiangazi chote, na siku moja akaona viluwiluwi chini ya kivuli chake, atakuwa na kitu cha kushika mkononi atakaposimuliwa habari za mto ule mwingine.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa, waulizeni wazee wa kanisa: mto au kijito kilicho karibu nasi kilikuwaje walipokuwa watoto? Kulikuwa na samaki gani, ndege gani, miti gani? Nini kimebadilika, na kwa nini?

2. Neno *shamar* linatumika kwa Sabato, kwa ndugu, na kwa bustani. Kwa nini ni rahisi kwa wengi wetu kuwa makini na la kwanza kuliko mawili yanayofuata?

3. Mshiriki wa kanisa analima ukingoni mwa mto na hana shamba lingine. Shemasi amemwambia aache mara moja. Mzee wa kanisa amesema aachwe kabisa. Kwa mwanga wa Ezekieli 34:17–19 na Yakobo 2:15–16, darasa lingeshauri nini? Kanisa lenyewe lingepaswa kutoa nini?

4. Ujumbe wa malaika wa kwanza unamtaja Muumba wa chemchemi za maji. Jirani asiye Mwadventista angeuonaje ujumbe huo akiangalia jinsi kanisa letu linavyotunza maji na kutupa taka zake, hasa wakati wa makambi na mikutano mikubwa?

5. Pangeni Sabato alasiri moja katika robo hii ya kutembea na watoto hadi mtoni. Nani atawaongoza? Watatazama nini? Nani ataandika maswali watakayouliza, ili yaletwe na kujibiwa katika darasa la Sabato inayofuata?